Kwa Nini Utingo Aliikataa Kadi



Mwezi uliopita mzee mmoja mwenye duka la nyama na vyakula hapa Downsview alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu pale pale. Mwanawe, aliyehitimu masomo ya biashara, amemtaka aliweke kando daftari lake la hesabu, anunue mashine mpya, bidhaa zote ziingizwe katika kompyuta, na wateja waagize nyama kwa simu. Mzee hataki. Kijana amekasirika, na kwa muda wa wiki tatu baba na mwana wamekuwa wakisalimiana kwa shingo upande. "Mwalimu," alituambia, "niambie kweli. Mimi ni mjinga, au huyu ana haraka?"

Tulimwomba atupe muda. Makala haya ndiyo jawabu letu, nasi tunayachapisha hapa kwa kuwa twajua kwamba ugomvi huo haumo katika duka moja tu. Umo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu: kwa wenye teksi, kwa wenye cherehani, kwa wanaopika vyakula vya harusi, na kwa wanaokusanya mizigo ya kupeleka nyumbani.

Ni desturi ya siku hizi, ionekanapo kampuni au duka limeshindwa kuingia katika mambo ya kidijiti, kusema kwamba watu wake ni wazito na wanaogopa mambo mapya. Sisi tumefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, nasi twajua kwamba mwanafunzi anayenyamaza hanyamazi kwa ujinga sikuzote. Pengine anajua jambo ambalo mwalimu hajaliuliza. Kwa hiyo tuliona ni vyema kulitazama badiliko la aina moja, yaani kulipa nauli kwa kadi badala ya fedha taslimu, katika miji ambayo wengi wetu tumeipitia, tupate kujua ni nani aliyekataa, na ni kitu gani hasa alichokikataa.

NAULI YA TORONTO

Tuliofika hapa zamani twazikumbuka tokeni za TTC, vile vipande vidogo vya madini tulivyovihesabu mfukoni kabla ya kutoka nyumbani. Twawakumbuka na makarani waliokaa katika vibanda vya vioo kwenye vituo vya treni, kile cha Wilson na kile kilichoitwa Downsview mpaka mwaka 2017 kilipopewa jina la Sheppard West. Hayo yote yamekwisha. Tokeni ziliacha kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2019, na tangu tarehe 1 Juni 2025 hazipokelewi tena. Abiria hugusisha kadi ya Presto, na tangu Agosti 2023 aweza kugusisha hata kadi yake ya benki, akapita.

Mtu angedhani mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Sivyo. Shirika lenyewe lilisitasita kwa miaka. Wakuu wake walihofia gharama, na walipenda kutazama njia nyingine za malipo badala ya kuufuata mfumo wa jimbo. Serikali ya Ontario ikaifungamanisha kadi hiyo na fedha ilizokuwa ikizitoa kwa usafiri wa mji huu, na hatimaye mkataba ukatiwa saini mwaka 2012. Tangu saini hiyo mpaka tokeni ya mwisho kukataliwa ilipita miaka zaidi ya 12. Na hapa tunazungumzia mji wenye fedha, wenye sheria zinazofuatwa, na wenye mafundi wa kila namna.

Lakini ndani ya mwendo huo mrefu kuna jambo moja lifaalo kuangaliwa. Dereva wa basi la TTC hakupata wala hakupoteza hata senti moja kwa kuja kwa kadi, maana ujira wake hautoki katika sanduku la nauli. Na karani wa kibandani, ambaye kazi yake ndiyo hasa iliyokuwa ikifutwa, hakuachwa njiani. Vibanda vilipofungwa mwaka 2019, kazi yake iligeuzwa kuwa ya kuwahudumia abiria. Alitoka nyuma ya kioo, akasimama karibu na mageti, akawa anawaelekeza watu na kuwasaidia walioshindwa na mashine. Hatusemi kwamba kila mmoja wao alifurahi. Twasema kwamba swali la mkate wake lilikuwa limejibiwa kabla mlango haujafungwa.

NAULI YA NAIROBI

Sasa na twende Nairobi, tukaitazame kadi ile ile mikononi mwa watu wengine.

Msomaji aliyekulia huko hahitaji kuelezwa matatu ni nini. Jina lake latokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini, ya miaka ya 1960. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila ya leseni zilizotakiwa kwa mabasi, na tangu hapo yakawa ndiyo miguu ya mji.

Mwaka 2013 kampuni ya Google, ikishirikiana na benki ya Equity, ilileta Nairobi kadi iliyoitwa BebaPay. Abiria aliweka fedha ndani ya kadi, utingo akaigusisha kwenye simu maalumu, na nauli ikakatwa. Benki na makampuni mengine nayo yakaja na kadi zao, kama vile Abiria na 1963. Serikali ya Kenya ikaliunga mkono jambo hilo kwa nguvu zote, ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2014 nauli yote ya magari ya abiria italipwa bila ya fedha taslimu. Tarehe ikafika, ikasogezwa. Ikawekwa nyingine, tarehe 1 Desemba mwaka huo huo. Hiyo nayo ikapita, na utingo akaendelea kukunja noti katikati ya vidole kama alivyofanya baba yake. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa.

Sababu zilizotajwa sana zilikuwa za kiufundi, nazo hazikuwa za uongo. Kadi zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na mashine zake, hata abiria angehitaji pochi nzima ya kadi ili avuke mji. Nauli ya matatu haina bei moja: hupanda mvua inyeshapo na jioni watu wanapokuwa wengi, na kadi hupenda bei iliyotulia. Lakini matatizo ya aina hiyo hurekebishwa. Kilichoishinda kadi kilikuwa kitu kingine, na ili tukione hatuna budi kuifuata siku moja ya utingo, au makanga kama wasemavyo Nairobi.

Alfajiri dereva na utingo hulichukua gari kwa makubaliano na mwenyewe kwamba jioni watarudisha kiasi fulani cha fedha, kisichopungua. Katika nauli za siku nzima hutoa kwanza mafuta. Hutoa ada za kituoni, na kitu kidogo cha kijana anayewaitia abiria. Hutoa pia fedha za askari wa barabarani, zile ambazo hazina risiti na kila mtu anazijua. Katika mitaa mingine hutoa fungu la magenge yanayojifanya wenye barabara. Kisha huliweka kando fungu la mwenye gari. Kinachobaki ndicho ujira wao wa siku hiyo, na siku nyingine hakibaki kitu. Hakuna mshahara wa mwezi. Mtoto akiugua saa saba mchana, dawa yake hutoka katika noti zilizo vidoleni saa hiyo hiyo.

Sasa mtu wa mjini, aliyevaa suti, anakuja na kadi. Anasema kadi itaziba mianya. Ni kweli, lakini ni mianya ya nani? Nauli yote itakwenda moja kwa moja katika akaunti ya mwenye gari. Mwenye gari atafurahi kwa kuwa ataona kila shilingi, ingawa yeye naye atashikwa na baridi akikumbuka kwamba mtoza kodi ataiona pia. Askari hatapata chake, na kwa hilo twasema alhamdulillahi, lakini aliye barabarani kukabiliana na hasira zake ni utingo, si mwenye suti. Na utingo mwenyewe atakula nini jioni? Swali hilo halikuwa na jawabu. Kadi ililetwa mbele, mshahara ukaachwa nyuma, na kwa walio wengi haukufika kabisa.

Basi utingo akafanya kile afanyacho kila mfanyakazi asiyeulizwa neno. Hakuandika barua ya kupinga. Alisema tu, "Mashine imeharibika, toa pesa." Mashine ya gari hili ikaharibika, na ya gari la pili, na ya gari la mia. Hakuna amri ya waziri iwezayo kuitengeneza mashine iliyoharibika kwa namna hiyo.

Yuko atakayesema kwamba serikali haikuwa na nguvu za kutosha. Twamkumbusha mwaka 2004, waziri John Michuki alipolazimisha mikanda ya viti, vidhibiti mwendo na sare za wafanyakazi. Magari yaligoma, abiria wakatembea kwa miguu, lakini amri ilisimama. Tofauti ni kwamba mkanda huonekana kwa nje, na askari aweza kuukagua akiwa barabarani. Fedha inayopita mkono kwa mkono ndani ya gari lenye msongamano haikaguliwi na mtu.

Kisha likatokea jambo la kufundisha. Mwezi wa Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, watu waliogopa kushika noti, na ada za kutumiana fedha kwa M-Pesa zikaondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Abiria wakaanza kulipa nauli kwa simu, na desturi hiyo ikaota mizizi. Utingo yule yule aliyesemwa kuwa adui wa teknolojia akawa anaitaja namba yake kwa sauti, huku gari likienda. Teknolojia haikuwa rahisi zaidi kuliko kadi. Lakini mara nyingi fedha ilifika katika simu yake mwenyewe. Jioni aliweza kutoa ya mafuta, ya mwenye gari, na yake. Ni wazi, basi, kwamba hakuwa ameikataa kompyuta. Alikataa kutolewa mezani kabla hajajua atakula wapi.

Kigali ni mfano wa upande wa pili. Huko njia za mji ziligawiwa makampuni machache mwaka 2013, na kadi ya Tap&Go ilipoanza mwishoni mwa mwaka 2015 iliyakuta mabasi yamekwisha kupangwa chini ya wenye dhamana wanaojulikana. Kadi ikashika. Hatudai kwamba hapana aliyeumia, wala kwamba serikali ya huko haina mkono mzito. Twataka msomaji aone utaratibu: kwanza kazi ilipangwa upya, kisha mashine ikaja. Nairobi mashine ilitangulia, ikatarajiwa kwamba kazi itajipanga yenyewe nyuma yake.

NA WALIOSOMA JE?

Labda msomaji atasema kwamba hayo ni ya matingo, watu wasiokaa darasani sana. Haya, na tuwatazame waliosoma.

Ukishuka kwa barabara ya Keele mpaka Eglinton, kisha ukaelekea magharibi na kuivuka Black Creek Drive, utafika Mount Dennis. Hapo palikuwa na kiwanda kikubwa cha Kodak ambacho watu wa Toronto walikiita Kodak Heights. Maelfu ya familia za upande huu wa mji zililelewa kwa mishahara yake. Kilifungwa mwaka 2005, na katika majumba yake lilibaki moja tu, ambalo sasa ni sehemu ya kituo cha treni cha Mount Dennis.

Wengi husema Kodak iliuawa na kamera ya kidijiti. Wasilolijua wengi ni kwamba kamera hiyo ilizaliwa ndani ya Kodak yenyewe. Mwaka 1975 mhandisi wake kijana, Steven Sasson, aliunda kifaa chenye uzito wa takriban kilo 3.6, kilichochukua sekunde 23 kuiandika picha moja, nyeusi na nyeupe, katika mkanda wa kaseti. Wakuu wake walikiona. Hawakuwa wajinga, walikuwa miongoni mwa mabingwa wa kazi hiyo duniani. Lakini Kodak haikuwa ikila kwa kuuza kamera. Ilikula kwa kuuza filamu, karatasi, na dawa za kusafishia picha, na picha isiyo na filamu ilikuwa mwiko katika sahani hiyo. Kila idara iliyokuwa na heshima ndani ya kampuni ilisimama juu ya filamu. Nani angekubali kuikata nguzo aliyoiegemea?

Baadaye Kodak ilitengeneza kamera za kidijiti, tena kwa wingi. Mwaka ule ule wa 2005, kiwanda cha Toronto kilipofungwa, iliongoza katika mauzo ya kamera hizo nchini Marekani. Lakini faida yake ilikuwa ndogo, na nyumba yote ilikuwa imejengwa kwa ajili ya faida ya zamani. Januari 2012 kampuni ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mshindani wake wa Kijapani, Fujifilm, naye aliishi kwa filamu, lakini akauchukua ujuzi wake wa kemikali akaupeleka katika vifaa vya hospitali, katika dawa, na hata katika vipodozi. Kwa njia hiyo mafundi wake walipata pa kwenda.

Kenya nayo ina kisa chake cha wakubwa. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwezi wa Machi 2007, mwenye duka la kijijini hakuipinga, na sababu yake ni nyepesi: alifanywa wakala, akapata fungu lake kwa huduma aliyoitoa. Waliopinga walikuwa mabenki. Mwishoni mwa mwaka 2008 malalamiko yao yalifika mpaka kwa yule yule John Michuki, ambaye wakati huo alikuwa akikaimu uwaziri wa fedha, naye akaamuru huduma hiyo ichunguzwe. Mwanzoni mwa mwaka 2009 serikali ikatangaza kwamba ni salama. Miaka michache baadaye mabenki yenyewe yalikuwa yakipanga foleni kushirikiana nayo. M-Shwari ikaja mwaka 2012 pamoja na Benki ya Biashara ya Afrika, na KCB ikafuata mwaka 2015. Walipopata nafasi mezani, hofu juu ya usalama wa fedha za wananchi ikapungua sana.

Kwa hiyo mwenye shahada na mwenye kukunja noti kidoleni wamefanana. Wote walilinda riziki. Tofauti ni kwamba mkubwa anapokataa huitwa mwangalifu, na mdogo anapokataa huitwa mjinga.

KARANI WA SKULI YETU

Kabla ya kumhukumu mtu mwingine, yatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Katika skuli moja ya pwani tuliyoifundisha zamani, ililetwa kompyuta kwa ajili ya hesabu za ada. Karani wa fedha, mtu mzima aliyeheshimika, aliifunika kwa kitambaa kilichotariziwa, akaendelea na vitabu vyake vya risiti. Kitambaa hicho kilikaa pale zaidi ya mwaka. Sisi walimu vijana tulikuwa tukimcheka katika chumba cha walimu, nasi tuliokwenda chuo kikuu ndio tuliocheka zaidi.

Siku moja mwalimu mmoja, mwenye adabu kuliko sisi, alikaa naye akamwuliza sababu. Karani akafunua kitabu. Pembeni mwa majina mengi palikuwa na alama ndogo za kalamu. Huyu ni mvuvi, atalipa upepo wa kusi ukitulia. Huyu mumewe amefariki. Huyu amenipa ahadi ya mwezi wa nane, na hajawahi kuivunja. Kompyuta ile haikuwa na mahali pa kuandika hayo. Ilichojua ni kutoa orodha ya wadaiwa, na orodha ikishatoka mkuu wa skuli angelazimika kuwarudisha watoto nyumbani.

Mwalimu yule akaongeza safu moja katika hesabu za kompyuta, akaiita "Ahadi". Wiki iliyofuata kitambaa kikaondolewa. Lakini haki itendeke kwa mashine pia. Hesabu zilipoingia zote, ilionekana kwamba wazazi wawili watatu wenye magari na majumba walikuwa hawajalipa kwa miaka, wakijificha chini ya huruma iliyokusudiwa mjane na mvuvi. Karani mwenyewe alishtuka. Kitabu chake kilijua mengi, lakini hakikujua kujumlisha.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba ndani ya kukataa kwa mtu mna habari, na habari hiyo haipatikani kwa kumcheka wala kwa kumwamrisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini vile vile tulijifunza kwamba habari si hukumu. Aliyelala kitandani anawajua kunguni, na huenda hata hivyo akahitaji kitanda kipya.

JAWABU KWA MZEE WETU

Tulirudi dukani Jumamosi moja baada ya Alasiri, tukamwuliza mzee swali ambalo mwanawe hakuwa amemwuliza: "Ukiliweka daftari hili kando, ni kitu gani kitakachopotea?"

Alikaa kimya, kisha akalifungua. Ndani mlikuwa na majina ya utani ambayo hakuna ayajuaye ila yeye, yameandikwa kwa penseli. Ni familia zilizofika karibuni, zinazongoja mshahara wa kwanza, au ambazo baba amepunguziwa saa za kazi. Wanachukua nyama leo na kulipa wakipata. Baadhi ya mistari ilikuwa imefutwa, na tulipomtazama hakutaka kueleza. "Mashine siiogopi," alisema. "Naogopa itoe karatasi ndefu mbele ya watu, mtu aaibike kwa ratili mbili za nyama."

Kisha tulimwita kijana, tukamwuliza naye anachokihofia. Naye alikuwa na yake. Kila mwisho wa mwaka yeye ndiye anayekesha akijumlisha risiti za kodi kutoka katika mifuko ya plastiki. Nyama huharibika kwa kuwa hakuna ajuaye ni kiasi gani kitanunuliwa Ijumaa. Wateja vijana wasiobeba fedha taslimu huingia, huuliza kama kadi inapokelewa, kisha huenda katika maduka makubwa. "Baba akizeeka," alisema, "duka litakuwa limekwisha, na mimi nitalaumiwa kwamba sikulishika."

Baba hakuwa amewahi kuyasikia hayo. Wala mwana hakuwa amewahi kuiona penseli.

Hatukutoa hukumu, maana duka si letu. Tuliwakumbusha kwamba kushauriana ni katika adabu za dini yetu, na kwamba mashauriano hayawi mashauriano ikiwa mmoja amekwisha kulipa amana ya mashine. Walikubaliana hivi. Mashine ya kadi itawekwa, na bidhaa pamoja na manunuzi ya nyama vitaingia katika kompyuta. Daftari la penseli litabaki chini ya meza mikononi mwa mzee, na kila jioni jumla yake, bila ya majina, itapewa kijana ili hesabu zikamilike. Watajaribu mpaka Idi ijayo, ndipo waamue tena. Mzee bado ananung'unika anapoibonyeza mashine, na kijana bado ana haraka. Lakini wanasalimiana.

Kwa wasomaji wengine wenye kazi kama hiyo, kubwa au ndogo, twawaachia maneno machache. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na vijana wetu hudhani kwamba methali hiyo inawazuia wazee kununua msala mpya. Haizuii. Inamtaka mtu ahakikishe kwanza kwamba msala umetandikwa, na kwamba kila mwenye kuswali amepata pa kusimama. Kabla ya kuleta mashine, mwulize anayeifanya kazi hiyo kila siku ni kitu gani anachokijua ambacho mashine haikijui. Mweleze waziwazi riziki yake itatoka wapi kesho. Na wewe mwenye kukataa, jiulize kwa uaminifu kama unachokilinda ni haki ya watu, au ni kiti chako tu. Maana wakuu wa Kodak nao walikuwa na hakika kwamba wanailinda kampuni.

Na yule mzee aliyetuuliza kama ni mjinga, jawabu letu ni kwamba siye. Lakini itambidi ainoe penseli yake, na amfundishe mwanawe kuisoma.

Wabillahi tawfiq.